Muulize mgombea angali anaomba kura

Mwezi huu barua zimekuja za aina moja kama mmekaa kikao, sijui ni msimu wa uchaguzi kwenye hivi vikundi vya kompyuta au ni hili baridi la huku kwetu linawafungia watu ndani na laptopu zao mpaka wanaanza kugombana. Basi leo mambo ya ndoa na mashamba nimeyaweka pembeni, watanisamehe, twende na hawa.

*Shikamoo dada. Mimi niko Mbeya, Iyunga. Tuna kikundi, tuko kama arobaini hivi, tunatengeneza programu huria ya kuweka hesabu za vikoba, yaani ya bure, kila mtu achukue atumie na akitaka kuibadilisha aibadilishe, hakuna anayelipwa hata mia. Jumamosi ya wiki ijayo tunachagua mratibu. Wagombea wawili, mmoja ni mwalimu aliyetufundisha chuoni wengi wetu, mwingine ni mwenzetu wa rika. Nikapendekeza wakae mbele tuwaulize maswali, wakubwa wakaniambia eti nataka kumhoji mwalimu kama polisi, wajieleze tu dakika tano tano tupige makofi tupige kura. Dada, nakosea? Na kama sikosei, mtu mzima kama yule namuuliza nini bila kumvunjia heshima?*

Marahaba mdogo wangu. Hukosei, na hao wanaosema siyo utamaduni wetu waulize siku ya posa kwao ilikuwaje. Mshenga anafika kwa adabu zote, kavaa koti, anakaa, halafu anaulizwa mpaka jasho linamtoka, kijana ni wa nani, anafanya kazi gani, ana kwake au anakaa kwa kaka yake, na hakuna mzee hata mmoja anayesema mshenga kavunjiwa heshima. Aliyekuja kuomba ndo anayeulizwa. Mwalimu wenu siku akiwa darasani ni mwalimu, Jumamosi hiyo kaja kuomba, basi anaulizwa, na shikamoo yake anapewa kwanza.

Ngoja nikupe mfano wa wenzenu wa kazi hiyohiyo. Kuna mradi unaitwa Debian, ni mfumo endeshi wa kompyuta, yaani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta kama Windows, na mfumo mwingine unaoitwa Ubuntu umejengwa juu yake, Debian ilianzishwa 1993 na kijana mmoja anaitwa Ian Murdock, na jina lenyewe ni la mchumba wake Debra kaliunganisha na lake, Deb na Ian, mambo ya mapenzi hayo. Mpaka leo unaendeshwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na kila mwaka wanachagua kiongozi, kila mwaka, hakuna cha miaka mitano. Katiba yao inatoa wiki 6. Wiki ya kwanza watu wanajitaja wenyewe kwamba mimi nagombea, halafu wiki 3 nzima ni za kampeni, kila mgombea anaandika ilani yake na wanachama wanamwaga maswali hadharani kwa maandishi na yeye anajibu hadharani kwa maandishi, halafu wiki 2 za kupiga kura. Nyie dakika tano na makofi. Sasa nani hapo yuko makini?

Na unajua kwa nini wanauliza sana hivyo wakati yule kiongozi wenyewe hana nguvu kivile? Ndo hapohapo. Katiba yao inasema wazi kabisa kwamba hakuna kitu kwenye katiba kinachomlazimisha mtu yeyote kuufanyia mradi kazi. Hakuna. Kiongozi hawezi kukwambia wewe kaa chini uandike hii. Anaweza kukasimu majukumu kwa watu, anaweza kuamua matumizi ya pesa za mradi, anausemea mradi huko nje, anaamua mambo ya dharura, lakini fimbo hana. Na kwenu ni vilevile, mratibu wenu atamkata nani mshahara? Ndo maana mgombea anaposema nitahakikisha toleo jipya linatoka mwezi wa sita, hiyo sentensi ukiifinya haitoki maji. Muulize, nani ataifanya hiyo kazi, umeshaongea naye, na siku akikwambia kaka mimi nimebanwa, utafanyaje? Mdogo wangu hilo swali moja tu linatosha kuwatenganisha wagombea wenu, kwa sababu aliyezoea kuamrisha atakuja na vitisho au ataanza kuzungumzia nidhamu, na aliyewahi kweli kuishi na watu wa kujitolea atakwambia ningeipunguza ile kazi iwe vipande, au ningeifanya mwenyewe kidogo, au ningeahirisha niwaambie watu ukweli. Mwalimu kazoea darasa ambalo asipotii mtu anafeli, simsemi vibaya, lakini hilo swali kwake lina uzito zaidi na labda atakujibu vizuri kuliko mnavyodhani.

Halafu muulize ya nyuma kabla ya ya mbele. Ya mbele ni rahisi, kila mtu ana ndoto. Muulize, kitu gani hapa kikundini wewe ulikianzisha halafu kikaendelea hata ulipokuwa haupo? Kama hana atazunguka, utamwona.

Muulize muda. Siyo unajitoa kiasi gani, hapo atakwambia asilimia mia, muulize masaa mangapi kwa wiki na ni siku zipi, na msimu wa mitihani kwa mwalimu au msimu wa kuvuna kwa huyo mwenzenu inakuwaje.

Na muulize paswedi. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu nina kidonda changu. Nilikuwa kwenye kikundi kimoja, miaka ya nyuma, tulikuwa na tovuti na seva ndogo, ile kompyuta ya kuwekea tovuti, tunalipia kwa kuchangishana buku tano tano, kiongozi wetu mtu mzuri tu, mchapakazi, kila kitu kilikuwa kwenye imeili yake binafsi, jina la tovuti, seva, akaunti ya pesa ya simu. Siku kapata kazi mkoa mwingine kahama, kabadilisha laini, hatukugombana wala nini, alipotea tu kama watu wanavyopotea. Domeni, yaani hilo jina la tovuti, ikafika mwisho wa mwaka, barua za kukumbusha zinaenda kwenye imeili ambayo haifungui, tukapoteza jina. Miaka mitatu ya kazi, ukiandika anuani yetu inakuja kamari. Kwa hiyo uliza hivi: paswedi za kikundi sa hivi ziko kwa nani, ukichaguliwa ni watu wangapi watakuwa nazo, na siku ukiondoka zinakabidhiwaje? Asipojua sa hivi ziko kwa nani siyo kosa lake, lakini ukumbi mzima utagundua kwamba hakuna anayejua, na hiyo peke yake ni faida ya siku.

Pesa unganisha humohumo. Wale wa Debian hela zao zinashikwa na mashirika mengine yanayoaminika, mojawapo lipo Marekani, kiongozi anaamua zitumike wapi lakini mfukoni mwake hazikai. Nyie mkiwa na laki mbili kwenye simu ya mtu mmoja mmeshaanza matatizo.

Sasa namna ya kuuliza. Maswali yaandikwe, yawe matano au sita tu, wapewe wote wawili yaleyale siku nne kabla, wajibu kwa maandishi kila mtu ayasome kwenye grupu, halafu Jumamosi mtu mmoja anayeheshimika asome maswali ya nyongeza, anayeanza kujibu apatikane kwa kuokota karatasi za bahati nasibu. Hapo hakuna polisi hapo. Mwalimu haulizwi na mwanafunzi wake fulani, anaulizwa na karatasi. Na ukitaka kumtoa wasiwasi zaidi mtumie yeye wa kwanza, mwambie mwalimu tumeandaa haya naomba utuangalizie kama yamekaa sawa, mwalimu gani atakataa kusahihisha.

Msimuulize dini, kabila, ameoa hajaoa. Na msiruhusu lile swali linaloanza na historia ya dakika kumi halafu mwishoni mtu anasema kwa hiyo unasemaje kuhusu hilo, huyo hajauliza, huyo naye anagombea kimyakimya.

Ukisikiliza majibu, usiogope anayesema hilo silijui nitamuuliza fulani. Mimi huyo ningempa alama. Katiba ya wale inamtaka kiongozi, pale inapowezekana, asikilize maoni ya wenzake kwanza, na asisukume sana maoni yake mwenyewe anapoamua kama kiongozi. Anayejua kila kitu mbele ya watu arobaini ana kazi ya kusikiliza itakayomshinda.

*Kamwene dada, niko Kihesa, Iringa. Mimi ndo nagombea. Juzi kwenye kikao mwenzetu mmoja kaniuliza mbele ya watu mbona tangu mwaka uanze sijagusa kazi ya kikundi hata mstari mmoja, na kweli sijagusa, nimejifungua mwezi wa pili na alikuwa anajua. Nilijibu kwa hasira nikamwambia yeye anaweza kuzaa? Watu walicheka ila mimi nimeona aibu mpaka leo. Nijitoe?*

Kamwene dada yangu, na hongera ya mtoto. Usijitoe. Swali lenyewe ni halali, mtindo ndo haukuwa na utu, alitakiwa akuulize utapata muda gani kuanzia sa hivi. Basi wewe lijibu hilo ambalo hakuliuliza. Andika mistari michache, sema nilijifungua Februari, kwa wiki nitapata masaa matano, labda usiku mtoto akilala, kazi za kuandika kodi (kodi za kompyuta, siyo za TRA) sitaweza mpaka mwisho wa mwaka, lakini kupanga vikao, kufuatilia watu, kujibu wageni wanaotaka kujiunga naweza, na fulani amekubali kunisaidia hiki na hiki. Na kile cha yeye anaweza kuzaa, mwambie samahani, faraghani, imeisha hiyo. Halafu unapomaliza kujibu na wewe una haki ya kuwaomba wagombea wengine nao waseme masaa yao, maana wanaume wakiulizwa muda wanasema nipo tu.

Na usidhani ni wewe peke yako mwenye kuona hii kazi nzito. Mwaka 2019 kule Debian wiki ya kujitaja ilipita hakuna hata mmoja aliyejitokeza, mradi mkubwa vile, ikabidi waongeze wiki nyingine ndo wagombea wakapatikana. Wenzao wa Python, ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, walikuwa na kiongozi mmoja tangu mwanzo, mwanzilishi mwenyewe Guido van Rossum, 2018 akasema basi mimi napumzika, wakajadiliana wee, mwisho wakaamua wasimtafute mfalme mwingine, wakaweka baraza la watu 5 wanaochaguliwa, na sharti kwamba wasizidi wawili wanaofanya kazi kwa mwajiri mmoja. Hilo sharti mimi nalipenda sana. Ungekuwa na nguvu ningekwambia pendekeza hata mgombee wawili wawili, mmoja akinyonyesha mwingine anaendesha kikao, ila najua katiba zetu hizi za kuprinti steshenari zinasema mwenyekiti ni mmoja.

*Dada habari za kazi. Makambako hapa. Sisi mgombea ni mmoja tu, na wenzangu wanasema sasa maswali ya nini na kura ya nini, apite bila kupingwa tukale. Wewe unaonaje?*

Nzuri. Kula mtakula, ila pigeni kura. Kule Debian nilikosema, kwenye karatasi ya kura kuna mstari mmoja haukosekani kamwe, unasema hakuna kati ya hawa. Hata mgombea akiwa peke yake anashindanishwa na huo mstari. Imetokea 2011, ikatokea 2016, na 2023 Jonathan Carter wa Afrika Kusini, huyu ni Mwafrika mwenzetu, alikuwa mgombea peke yake na bado watu wakapiga kura akapita. Ule mstari ukishinda, uchaguzi unarudiwa, na unarudiwa tena hata mara ngapi mpaka apatikane mtu. Na maswali kwa mgombea wa peke yake ndo yanatakiwa yawe makali zaidi, kwa sababu wagombea wakiwa wawili mmoja anamnyoosha mwenzake, akiwa peke yake hakuna wa kumnyoosha ila nyie. Mi ningeanza na hili: unadhani kwa nini hakuna mwingine aliyechukua fomu? Akijibu kwa sababu wananikubali, kunyweni soda zenu mfikirie upya. Akijibu kazi imekuwa nyingi watu wanaikimbia na mpango wangu wa kuipunguza ni huu, mpeni.

*Sisi tuko Mlandege. Tulikuwa wagombea watatu, wapiga kura 35, tukanyoosha mikono. Mshindi kapata 14, mimi 11, mwenzangu 10. Nakubali nimeshindwa lakini wote waliotupigia mimi na mwenzangu hawakumtaka yule, na sasa kikundi kimepooza, watu hawaji. Tulikosea wapi?*

Mlikosea sehemu mbili. Mikono kwanza. Unanyooshaje mkono mbele ya mtu ambaye kesho utamuomba akuazime chaja? Wale wenzetu kura ya kiongozi ni ya siri, baadaye orodha ya kura inatolewa bila majina ili kila mmoja ahakikishe yake ilihesabiwa. Nyie tumieni karatasi na boksi la viatu, inatosha.

Ya pili ni hesabu, na hapa vuta kiti. Kwa hao watu 21 yule mshindi alikuwa wa mwisho, si ndo unavyosema. Sasa chukulia badala ya kuchagua mmoja kila mtu angepanga, wa kwanza nani, wa pili nani, wa tatu nani. Halafu mnawashindanisha wawili wawili kama ligi. Yeye na wewe: 14 wanamtaka yeye kuliko wewe, 21 wanakutaka wewe kuliko yeye. Umeshinda. Yeye na mwenzako: 14 kwa 21 tena. Kashindwa mechi zote mbili na ndo mwenyekiti! Iliyobaki ni wewe na mwenzako, na hapo wanaoamua ni wale 14 wa kwake, walimweka nani nafasi ya pili, kwa hiyo usishangilie, huenda ungeshindwa bado. Hii namna inaitwa kwa jina la Mfaransa mmoja wa karne ya 18, Condorcet, na ndo wanayotumia Debian, kompyuta inahesabu lakini watu 35 mnaweza kuhesabu kwa daftari kabla chai haijapoa. Wakati mwingine inatokea A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A, kama Mbeya City na wenzake ligi ikivurugika, wana kanuni yao ya kulimaliza hilo, lakini kwa kikundi chenu ikitokea rudini kwenye maswali, waulizeni tena wote watatu, pigeni kura upya.

Kuhusu kupooza, katiba ya wale inaruhusu wanachama kumwondoa kiongozi kwa kura katikati ya muhula. Angalieni yenu inasemaje kabla hamjaanza kununiana. Ila kwanza nendeni mkamuulize mshindi hayo maswali ambayo hamkumuuliza wakati ule, labda ana majibu. Nani anajua, hakuna aliyemuuliza.

*Ugonile dada, mimi ni wa Tukuyu, kwenye kikundi natafsiri maneno ya programu kwenda Kiswahili, kodi siandiki wala sijui. Nikitaka kumuuliza mgombea swali wananiambia hilo waachie madevelopa, wale wanaoandika programu. Je nina haki?*

Ndaga, mdogo wangu. Unayo. Debian 2010 walipiga kura kuamua kwamba wanaochangia bila kutengeneza vifurushi vya programu, watafsiri, wachoraji, waandishi wa maelekezo, nao wakaribishwe kuwa wanachama kamili wenye kura. Madevelopa wenyewe ndo waliopiga hiyo kura. Wewe nenda na swali lako moja la kitafsiri, nakupa hili: maneno mapya kwenye programu yanaongezwa siku ngapi kabla ya toleo kutoka, na nani ataniambia mimi? Kwa sababu najua wanakupa saa nne usiku wanataka asubuhi. Mgombea akishangaa kwamba kumbe kuna mtu anatafsiri, mwandike jina pembeni.

Halafu mmoja wa Uyole kaniuliza kama ni vibaya kumuuliza mgombea atatoa nauli kwa wanaotoka mbali. Siyo vibaya, ila uliza inatoka mfuko upi.